Pesa ya Masikio

Bernadine Kuczma ameendesha basi la shule hapa mjini Erie miaka ishirini na sita, na hakuna anayeijua akaunti ya matibabu kumshinda. Mimi naendesha basi linalofuata lake, kwa hiyo nimefundishwa bila kuomba.

"Unakatwa pesa kwenye mshahara kabla kodi haijaionja," hunihubiria. "Miwani, meno, dawa, unalipia humo. Lakini ikifika thelathini na moja Desemba hujaitumia, inakufa. Mwajiri anabaki nayo."

Mwaka huu alitenga dola elfu mbili na mia nne kwa ajili ya vifaa vya kusikia vya mumewe, Walt. Walt ni fundi bomba mstaafu, na kwa maoni yake masikio yake ni mazima. Watu wa siku hizi ndio wanaonong'ona. Desemba ikaingia, hata senti moja haijaguswa.

Jumapili moja nilikuwa jikoni kwao nikila pierogi, zile sambusa za kuchemsha za viazi, mashine ya kuoshea vyombo ikinguruma.

"Walt! Ile pesa ya masikio!" Bernadine alipaza sauti.

"Ya mazishi?"

"Nimeiweka mwaka mzima!"

Walt akaweka uma chini. "Mwaka mzima, na hukuniambia?"

"Nimekwambia mara mia! Thelathini na moja inakufa!"

"Nakufa?"

"Yote! Nimeshaongea na mtaalamu, tunakwenda tarehe ishirini na nane kuchagua."

Walt akanigeukia. "Na wewe ulijua?"

"Mtaa mzima unajua," nikasema, mdomo umejaa.

Akasukuma sahani yake pembeni. Bernadine alifurahi kupita kiasi, maana ndiyo mara ya kwanza Walt hakubisha. Mimi nilidhani ni utani wake wa kila siku. Mjinga mimi.

Wiki iliyofuata Walt alitengeneza bomba la bafuni lililokuwa likivuja miaka tisa. Kisha akaniletea keekee yake ya kutobolea barafu ziwani akienda kuvua samaki, ile asiyemwazima hata ndugu yake.

"Chukua. Mwakani sitaihitaji."

"Unahamia Florida, mzee?"

"Mbali zaidi," akasema, akanipa mkono kabisa. Nikaichukua. Kitu cha bure hakiulizwi maswali.

Tarehe ishirini na nane gari lao lilikuwa limefukiwa na theluji, nikawapeleka mimi. Walt alivaa suti ya harusi yake. Mtaalamu wa masikio, dada mmoja mpole, akamwinamia na kupaza sauti: "Ungependa rangi gani?"

"Yoyote. Mbao ya msonobari inatosha."

"Ya mbao hatuna, mzee."

"Basi ya bei rahisi. Na kinanda msipige. Mke wangu akisikia kinanda hulia."

Dada wa watu akatutazama, nasi tukamtazama. Kwa kuwa kazi ni kazi, akamvalisha vifaa vya majaribio, akaviwasha. Bernadine, nyuma kabisa ya chumba, akaninong'oneza, "Huyu mzee kapatwa na nini?"

"Sijapatwa na kitu," Walt akajibu bila kugeuka. "Bado siku tatu. Si umesema mwenyewe? Pesa ya mazishi, na thelathini na moja nakufa."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Bernadine hakucheka.

"Masikio, Walt," akasema polepole. "Pesa ya masikio. Kinachokufa ni pesa."

Walt akagusa sikio lake. Kisha akauliza, "Sasa mbona ulikuwa na furaha vile? Nilijua umenichoka."

Bernadine hunyamazisha watoto sitini kwa neno moja. Siku hiyo alifungua mkoba, akaufunga, akaufungua tena.

"Nilifurahi kwa sababu utanisikia tena," akasema hatimaye. "Miaka sita naongea na mgongo wako."

"Ulikuwa unasema nini?"

"Mengi. Mengine ni matusi."

"Basi anza upya," Walt akasema. "Na matusi usiyaruke."

Bernadine akatoa kadi ya akaunti, akalipa, akisahau hata kutuhubiria kodi. Walt akavaa vipya vyake palepale. Kwenye gari walikaa kiti cha nyuma wameshikana mikono, wakinong'ona njia nzima. Tulipokaribia kwao, Walt akainua kichwa.

"Rafiki yangu, ile keekee yangu."

"Nini?" nikasema, nikikaza macho barabarani. "Sikusikii vizuri, mzee."