Mtangazaji wa Gemu Mtaa wa Mchikichi

Desemba ile Polycarp hakwenda kwao Kibosho. Mkewe, Josepha, alimsihi sana, akamkumbusha kuwa ndugu wote wangekusanyika kuchinja na wangeuliza yuko wapi. Mwishowe Josepha alipanda basi peke yake na zawadi za wazee. Wachaga wengi wa Kariakoo walikuwa wameshafunga maduka na kwenda kwao, akiwamo Anselmi, jirani yao mwenye kibanda cha gemu za kisasa. Polycarp alikuwa na tumaini moja: Anselmi akiwa hayupo, wateja watarudi kwake, watakumbuka utamu wa zamani, na kibanda chake mwenyewe cha gemu hakitakufa.

Kibanda hicho alikifungua miaka ile milango ya biashara ilipofunguliwa na Kariakoo ikafurika bidhaa za kila namna. Alinunua mashine ya gemu ya Kijapani ambayo sokoni kote hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Mpira wake ulichezwa kimya, ukiacha mlio wa filimbi, na wachezaji hawakuwa na majina, ila namba mgongoni. Basi Polycarp akawa anatangaza mwenyewe, kama mpira wa redioni, na kila namba akaipa jina la mtu wa mtaani. Golikipa alikuwa Praful, muuza vitenge, kwa sababu kitu kikishafika mikononi mwake hakitoki bure. Namba tisa alikuwa Mwinyimvua, muuza kahawa aliyejua kuwakwepa mgambo wa jiji. Watu walijaa mlangoni kusikiliza tu. Mwinyimvua alipofariki, Polycarp hakumtoa uwanjani. Marehemu aliendelea kufunga mabao.

Krismasi ile vijana walirudi kweli. Walibishana kama zamani: huyu akidai mtangazaji wao bado ni yuleyule, yule akisema siku hizi anameza maneno. Hoja kubwa ilikuwa mashine yenyewe. Akash, mtoto wa Praful, alikuwa amesoma kwenye intaneti kuwa kiwanda kimeacha kuitengeneza. Uwesu, fundi redio, akakataa katakata. Wajapani hawaachi kitu njiani, lazima kuna nyingine inakuja.

“Uwesu, wewe hata mchumba aliyeolewa bado unamsubiri,” Akash alimwambia.

Wote walicheka. Polycarp naye alicheka, huku kiganja chake kikiwa juu ya mashine, akisikia jinsi ilivyopata moto.

Mwaka mpya ulipoingia, Anselmi alirudi, na siku hiyohiyo benchi la Polycarp likabaki tupu. Ndipo alipoelewa kwamba hawakuwa wamemrudia yeye. Walikuwa wanamsubiri jirani afungue.

Alasiri Akash alikuja mlangoni. “Shikamoo, Mangi,” alisema, kwa jina ambalo mtaa mzima humwita Mchaga mwenye duka.

“Marahaba.”

“Nimeongea na Anselmi, amekubali tuzime sauti ya mtangazaji wa ndani ya gemu. Njoo ututangazie.”

Polycarp alivaa shati safi, akaenda. Anselmi alimpokea vizuri, akamwambia nyumbani wamemuulizia sana, akamwachia kiti chake. Kwenye skrini wachezaji walikuwa na sura, nywele, hata jasho. Polycarp alikohoa, akaanza. Sauti yake ilikubali. Wapita njia wawili wakasimama, kisha wengine wakasogea. Kwa muda mfupi aliona inawezekana: mashine itakufa, lakini yeye atabaki. Mpira ukamfikia namba tisa.

“Anao Mwinyimvua, anamwacha mgambo wa kwanza, anamwacha wa pili…”

“Nani?” aliuliza kijana aliyekuwa akicheza, bila kugeuka.

“Mwinyimvua.”

“Huyu ana jina lake, mzee. Limeandikwa hapo chini.”

Polycarp alitazama. Kweli lilikuwapo, kwa herufi ndogo, jina la mtu wa mbali asiyewahi kukanyaga Mtaa wa Mchikichi. Alijaribu kulitamka moyoni likamshinda. Wakati huo namba tisa alipiga shuti na nyavu zikatikisika. Kibanda kizima kilimgeukia Polycarp kusubiri atangaze bao.

Alifungua kinywa, akakifunga.

Anselmi alisubiri kidogo, kwa heshima, kisha akanyoosha mkono na kurudisha sauti.