Mausi Iliyovishwa Kitambaa

Kwa miaka mingi nilikana kwamba sijui kutumia mausi. Nilisema wataalamu hatuna haja nayo. Ukweli ni kwamba kule chuo kikuu tulikaa wanne kwenye kompyuta moja, na mausi ilikuwa ya aliyewahi kufika. Mimi sikuwahi hata mara moja. Nikabaki na kibodi, nikajifunza kila kitu ambacho vidole vinaweza kufanya bila kuomba zamu.

Serikali ilikuwa imeacha kuwapangia wahitimu kazi, kwa hiyo nilirudi Korogwe kwa shangazi yangu, aliyekuwa amefungua duka la kuchapa pale Manundu kwa kompyuta ya mtumba. Shangazi alipenda kufuma. Aliifumia kompyuta vitambaa kama vya redio na makochi: cha skrini, cha kibodi, na cha mausi, ambacho alikishona hadi chini ili vumbi lisipenye. Gololi iliyokuwa tumboni mwa mausi ikakosa pa kuviringika, na mshale haukusogea. Sikulalamika.

Siku moja akaja mama mmoja, mkuu wa shule huko Chanika, Handeni, kuchapisha mitihani. Alisema shule inasubiri kompyuta na inatafuta mwalimu. Niliitaka sana ile kazi. Nikaanza maonyesho. Kontroli na A, mafaili yote yakageuka bluu. Kontroli na X, yakafifia. Nikafungua folda nyingine, kontroli na V, yakatua humo. Nikagusa F2, nikaibadili folda jina: Mitihani. Mama wa watu akajishika kifua.

"Na hicho chenye kofia, kazi yake nini?"

"Hiyo ni mausi, mama. Ya wanaoanza."

"Vizuri sana. Wanangu ndio wanaanza. Jumatatu uje uwafundishe hiyo hiyo. Ukiiweza, kazi ni yako."

Alipotoka, shangazi alicheka mpaka akakaa chini. "Msomi wetu! Umejifunga kamba mwenyewe!"

Tukafumua mishono, nikaanza mazoezi. Mshale ulikimbia kama mbuzi aliyeponyoka. Nilitaka kuburuta ratiba ya maziko ya mzee mmoja wa Masuguru, ikadondokea kwenye folda ya kadi za harusi. Kontroli na Z, ikarudi. Nikaburuta tena, ikaingia kwenye mitihani.

"Mwanangu, marehemu wa watu umemzungusha mno," shangazi alisema. "Mwambie yule mama ukweli."

Jumatatu asubuhi, begi langu likiwa mlangoni, simu ya duka ililia chini ya kitambaa chake. Alikuwa mkuu wa shule.

"Shikamoo, mama. Kuna jambo nilitaka..."

"Marahaba. Subiri kwanza, mwalimu, nimeaibika. Kompyuta zililetwa Ijumaa. Leo nazikuta mausi zote matumbo wazi! Wavulana wamechomoa gololi, wanachezea nyuma ya jiko. Nyingine zimeishia chooni. Sasa niambie, unaweza kufundisha kwa vile vidole vyako tu, bila mausi?"

Nikamtazama shangazi. Alikuwa ameuziba mdomo wake kwa kitambaa cha mausi, mabega yakimtikisika.

"Itakuwa vigumu, mama," nikasema, kwa sauti ya mtu anayejitolea, "lakini tutajitahidi."