Kona ya Kushoto ya Gari la Barua

Bi Thelma Noske ametuletea barua kwa miaka kumi na tisa. Kila Alhamisi anaondoka mji mdogo wa Copley alfajiri, anazunguka ranchi zote za kaskazini mwa milima ya Flinders, kilomita mia nne na ushee za changarawe na makorongo, amebeba barua, dawa na vipuri. Mimi ni mpishi wa ranchi ya mwisho njiani, kwa hiyo ndimi ninayemwona akiwa amechoka zaidi.

Mgongo wake uliharibika zamani, alipoangushwa na farasi akiwa msichana. Gari lake halikalii springi peke yake. Linabebwa na mafuta ambayo pampu huyasukuma hadi kwenye kila gurudumu, na ukibonyeza kitufe linapanda au kushuka lenyewe. Bila mafuta yale, husema, asingemaliza hata mwaka mmoja wa kazi hii.

Mwezi wa pili mwaka huu, kona ya mbele kushoto ikalala na haikuinuka tena. Gari likawa linakwenda kama ng'ombe aliyeteguka goti, kila shimo linampiga Thelma uti wa mgongo. Akalipeleka karakana moja mjini. Wakamwambia mfumo mzima umekufa, ung'olewe, zifungwe springi nzito za chuma. Alhamisi iliyofuata alitwambia kwa sauti ya chini kwamba Pasaka ikipita tutafute mtu mwingine. Nikamfungia mkate na nyama ya kondoo, akaondoka.

Juma lililofuata alimkuta Garnet Wilton amesimamisha greda kando ya barabara, anakunywa chai. Garnet ni Mwadnyamathanha, kabila la wenyeji wa asili wa milima hii, umri wake unakaribia sabini, na barabara hizi amezichonga tangu ujanani. Greda yenyewe ni mafuta na mabomba matupu, kwa hiyo mambo ya pampu anayajua. Akalitazama gari likija limeinama.

"Dada, umembeba nani upande huo?"

"Uzee wangu. Usinichekeshe, mgongo unauma."

Akamweleza waliyosema mjini. Garnet akauliza kama kuna aliyelala chini ya gari kutazama. Thelma hakujua. Basi mzee akaweka kikombe chini, akafungua boneti, akamwambia abonyeze kitufe cha kupanda huku yeye akitazama kitangi cha mafuta ya pampu. Mafuta yakapungua kitangini. Upande wa kulia ukainuka, wa kushoto ukabaki palepale. Alipobonyeza cha kushuka, yakarudi. Garnet akasema pampu ni nzima, na vibofu vya gesi vinavyolainisha mwendo ni vizima pia. Vingekufa, mafuta yasingepanda na kushuka kiasi kile. Kisha akalala chali kwenye changarawe, akapitisha kidole kwenye mabomba. Vumbi lilikuwa kavu kote. Pangevuja, lingekuwa tope jeusi.

Tatizo alilikuta nyuma ya gurudumu. Kuna kijiti cha chuma, urefu wa kalamu, kinachoiarifu kompyuta ya gari kona ile imeinuka kiasi gani. Jiwe lilikuwa limekichomoa, na kifaa kinachoshikana nacho kimegandishwa na udongo kikiwa kimeelekea juu. Kompyuta ikaamini kona iko juu mno, ikawa inaachia mafuta yarudi kitangini.

"Gari lako si gonjwa," Garnet alisema kutoka chini. "Linadanganywa tu."

Thelma akamwomba arudie. Akarudia.

Wakakwangua udongo, wakakirudisha kijiti mahali pake, wakakifunga kwa waya wa uzio na kipande cha mpira wa bomba la maji. Injini ikawashwa. Kona ya kushoto ikapanda polepole hadi gari likasimama sawa. Garnet anasema Thelma alilishusha na kulipandisha tena mara mbili, bila sababu yoyote.

Kwetu alifika saa nane mchana, mapema kuliko majuma yote yale. Alishuka bila kushikilia mlango. Alituambia ameshampigia simu muuza vipuri aagize kijiti kipya, na kwamba ni yeye mwenyewe atakayekibeba kwenye mfuko wa barua. Kuhusu kuacha kazi, alisema tusahau.

Alikula sahani mbili. Nilipotoka jikoni na chai, nilimkuta amejinyoosha kwenye benchi la barazani, buti miguuni, amelala fofofo. Mifuko ya barua tukaishusha wenyewe.