Udongo wa Bibi

Juzi chungu cha mwisho cha bibi kimepasuka, rafiki yangu. Maharage yakamwagikia jikoni na kuzima moto wote. Nilikuwa peke yangu. Mke wangu alishatangulia mbele ya haki na watoto wako mijini. Asubuhi yake nikawasha gari kwenda Itaka, kijijini kwa bibi, kutafuta udongo wa kufinyangia kingine, kana kwamba mimi najua kufinyanga.

Mimi niliishia darasa la nne, lakini ulizia malori yangu hapa Tunduma, hata mtoto atakuonyesha. Sikurithi hata jembe. Nilichorithi ni kubeba udongo. Kiangazi, mahindi yakishavunwa, bibi alitupeleka sisi wajukuu bondeni. Masharti yalikuwa yake: chimba unachoweza kubeba kichwani, basi, halafu funika shimo kwa majani ya mgomba. Nyumbani alitwanga vigae vya vyungu vya zamani, akavichanganya na ule udongo, kisha akafinyanga huku anakizunguka chungu kinyumenyume, mgongo umepinda, akikilainisha kwa gunzi. Vikishachomwa na kupoa, alivigonga kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole, sikio karibu. Kikilia, anasema, "Kimeitika." Kikinyamaza anakivunja mwenyewe, kiwe vigae vya mwaka unaofuata.

Nilipojiweza nikajenga. Vyumba saba, tofali za kuchoma, mtaa mzima walikuja kushangaa. Udongo mzuri nilikuwa naujua ulipo, sikuhitaji fundi wa kunionyesha. Nikapeleka vijana na lori kwenye bonde lile, wakachimba na kuchoma kiangazi kizima. Tofali zikatoka nyekundu, ngumu kama chuma.

Siku ya kuhamia nikamleta bibi kwa gari langu. Akaizunguka nyumba polepole, kiganja ukutani, mpaka akarudi mlangoni.

"Nyumba nzuri, mume wangu," akasema. "Sasa mimi nitafinyanga nini?"

Nikacheka. Nikamwambia nitamnunulia masufuria, seti nzima, na kweli nikanunua. Aliyapanga chini ya kitanda yakiwa kwenye boksi lake. Hakufinyanga tena mpaka tunamzika.

Asubuhi hiyo bondeni nimekuta dimbwi na vyura. Nimerudi mikono mitupu. Vigae vya kile chungu nimevifunga kwenye kitenge. Kuvitwanga naweza, ila sina cha kuvichanganya nacho.

Nyumba yangu bado ndiyo kubwa mtaani, hilo halina ubishi. Leo jioni nimeugonga ukuta wa sebule kwa kifundo cha kidole, nikaweka sikio. Umenyamaza.