Mkeka Uliotoka Mikese

Wanaosema Bi Mwajuma wa Kinole alikuwa mpiga ramli wanamsingizia. Alikuwa msusi wa mikeka na vikapu, mwana wa watu, na wezi aliwakamata kwa macho na vidole vyake tu.

Bwana mmoja, Maneno, alipoiba ndizi za jirani, alitupa kikapu njiani akatimua mbio. Bi Mwajuma akakipapasa, kisha akaenda moja kwa moja hadi mlangoni kwake.

"Kwani uliniona, shangazi?"

"Sikukuona. Nimeona kazi ya mkeo. Nani mwingine hapa anafunga ukingo kama anayenyonga kuku?"

Watu wakacheka, hata mke mwenyewe.

Tangu hapo kila aliyepotelewa alimwendea yeye. Kilichompotea yeye hakuna aliyekitaja mbele yake. Mwaka Wajerumani walipofikisha reli Mikese, binti yake Mwanaasha aliteremka kuuza machungwa, asirudi. Ikasemwa kamfuata mfanyakazi wa reli. Yunusi, kaka yake Mwajuma na mwenye kauli katika ukoo, akakata neno: "Binti aliyeondoka bila kuposwa hafuatwi." Mwajuma akatii. Ila kila mgeni aliyepanda kutoka bondeni, alimtazama mkeka wake kwanza, uso baadaye.

Mvua za vuli zilipokatika, mchuuzi Rehani alipanda kutoka Mikese, akatandika mkeka mkuukuu barazani kwa Bi Mwajuma. Mwenyeji akauinamia. Ukindu ulisukwa kwa mkono wa kushoto, na kila penye kona msuko ulilegea kidogo. Kosa hilo alimkanya mwanawe tangu utotoni. Sasa akaliwekea shavu.

"Aliyekuuzia yukoje?"

"Mnene, mama, tena mcheshi."

"Wangu alikuwa mwembamba."

"Basi analishwa."

Vidole vyake vikafika pembeni, vikasita.

"Panya hao," Rehani akasema haraka.

"Panya gani anatafuna kwa upole hivi? Huyu ana meno mawili tu."

Akaununua mkeka, akaupeleka kwa Yunusi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Kama ni habari ya binti, nilishasema."

"Simfuati binti. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Huyu ni wako, na anaota meno ugenini."

Yunusi akapitisha kidole kwenye ile pembe, akarudia tena.

"Nenda nao," alisema hatimaye. "Asije akakosa cha kutafuna."

Bi Mwajuma alikuwa ameshaukunja. Aliubeba begani, na njia nzima ya kuteremkia Mikese ile pembe ilikuwa ikimgusa shavu.