Mipira Sita ya Mtunza Vifaa

Fiachra, golikipa wa timu ya kandanda la Kigaeli ya kaunti ndogo ya Ireland na mwalimu wa hesabu siku za kazi, alishazoea kupasha misuli huku akikaripiwa. "We Fiachra! Namba nne iko wapi?" Mtunza vifaa wao alikuwa na mipira sita tu, kila mmoja kauandika namba kwa wino mweusi. Mmoja ukitua kwenye malisho nyuma ya goli, alivuka senyenge mwenyewe, akawafokea ng'ombe, akaufuta kinyesi kwa mkono wa sweta, kisha akarudi ameukumbatia kama mgonjwa aliyetolewa hospitali.

Jumapili moja ikaja timu ya kaunti tajiri. Wachezaji wao nao hawalipwi hata senti, ila walishuka na mpishi, madaktari watatu na mipira hamsini. Wakashinda kwa pointi ishirini na saba; katika mchezo huu mpira ukipita juu ya mwamba wa goli ni pointi moja. Baada ya filimbi, mpira wao mmoja ukabingirika hadi miguuni pa mtunza vifaa. Akauokota awarudishie.

"Kaa nao tu, mzee," mtunza vifaa wa upande wa pili akamwambia kwa huruma. "Sisi tunayo kibao."

Masikio yakamwiva. Hakuna aliyewahi kumwona akipiga mpira. Aliudondosha kutoka mikononi, akaupiga kwa gambuti lake, mita arobaini kutoka golini, ukapaa, ukapita juu ya mwamba katikati ya milingoti: pointi safi kabisa.

"Haya, Fiachra," akasema, akiinama kuhesabu mipira yake sita. "Sasa wanatuzidi ishirini na sita."