Bawabu Aliyeogopa Kupekuliwa

Shemeji yangu, mjane wa marehemu mdogo wangu, ni bawabu wa shule ya wasichana. Wanafunzi walimpachika jina la Komeo, nalo limemganda mpaka nyumbani. Aliianza kazi hiyo baada ya kufiwa, binti yake akiwa bado mgongoni, enzi ambazo lango lilikuwa na heshima yake: mgeni alisimama, akavua kofia, akaamkia, ndipo akaeleza shida yake. Siku hizi watu hupiga honi. Komeo hajali honi. Hupekua mkoba wa mkaguzi wa elimu sawasawa na kikapu cha muuza karanga, na simu iliyofichwa kwenye soksi huitambua kwa mwendo wa msichana tu. "Asiye na kitu haogopi kupekuliwa," huwaambia wanaonuna. Ufunguo wa lango hukaa shingoni mwake kwa kamba ya kiatu, na hajawahi kumwachia mtu, hata mkuu wa shule.

Jumamosi ile palikuwa na mashindano ya wasichana ya mpira wa kikapu, ya kuhamasisha watu kuhusu saratani. Zamani ugonjwa huo haukutajwa. Watu walisema "ule ugonjwa mbaya", kwa sauti ya chini, mlango umefungwa. Mimi niliyejifunza kusoma kwa magazeti ya kufungia sukari, nilikuwa mtu mzima nilipoliona jina lake limechapishwa. Sasa kijana wa muziki analitangaza kwa kipaza sauti kama anayeuza sabuni. Sikupendezwa, na bado sijapendezwa.

Mwalimu wa michezo alikuwa ameweka sharti: msichana hachezi fainali mpaka mwanamke mmoja wa nyumbani kwake aingie kwenye hema la rangi ya waridi, achunguzwe matiti. Mama, shangazi, bibi, yeyote. Mjukuu wa Komeo, ambaye wenzake humwita Ngazi kwa urefu wake, ndiye tegemeo la timu. Mama yake anafanya kazi mji wa mbali. Amebaki bibi, na bibi hataki.

Nilikuwa nimekaa na Komeo kwenye benchi lake langoni, fainali imeshaanza, Ngazi akaja na jezi yake kavu.

"Bibi, nimekalishwa."

"Kaa. Kukaa hakujaua mtu."

"Tunafungwa."

"Hata mwaka jana mlifungwa, na ulicheza."

Msichana hakulia. "Kila asubuhi unanipekua mpaka soksi, mimi mjukuu wako. Unasema asiye na kitu haogopi."

Komeo akaligeukia lile hema la waridi. Nilijua anamuwaza nani. Dada yake alifia chumba cha uani, baada ya miezi ya kujifunika shuka hadi shingoni. Alipokubali kumwonyesha daktari, maji yalikuwa yameshamwagika. Tangu hapo Komeo husema heri asijue.

"Na kama ninacho?" akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Si ndiyo kazi yako, bibi? Simu ukiikamata langoni, haijafika darasani."

Komeo akaukuna ufunguo kwa kucha. "Na lango nani atalinda?"

"Mimi," nikasema.

Akacheka. "Wewe, shemeji? Mwizi akikuamkia tu, utambebea mzigo."

"Angalau atakuwa mwizi mwenye adabu."

Akaivua kamba, akanivika shingoni mwenyewe, akaenda. Hakugeuka nyuma. Mjukuu alimfuata mpaka mlangoni mwa hema.

Nililinda lango kwa kanuni za kale: asiyeamkia haingii. Foleni ikakua. Mgeni rasmi mwenyewe alikwama nje, dereva wake akipiga honi. Nikamwendea. "Mwanangu, gari halisalimii watu." Mgeni rasmi akashuka, akatoa shikamoo yake, nikafungua. Ni miaka sijafurahi vile.

Uwanjani kelele zikapanda. Nikaona kichwa cha Ngazi juu ya vichwa vingine. Kisha Komeo akarudi, amekosea vifungo vya shati la sare.

"Wamesemaje?"

"Kuna kitu kidogo, kama punje ya mtama. Huenda si chochote. Jumatatu niende hospitali, wakitazame vizuri." Akakaa, akashusha pumzi ndefu kama aliyetua mzigo. "Yule muuguzi, shemeji, ni binti mdogo tu. Kaniomba radhi kwanza kwa ubaridi wa mikono yake. Na wewe husema vijana hawana adabu."

Nikajifanya kuchungulia nje ya lango.

Timu ya Ngazi ilishindwa kwa kikapu kimoja. Washindi walipotoka wakiimba, Komeo aliwasimamisha, akapekua mifuko yote, akatia mkono mpaka ndani ya kombe. Wakacheka, naye akacheka. Ngazi akaja akitiririka jasho, akavifungua vifungo vya bibi yake, akavifunga upya kimoja kimoja, kila kimoja mahali pake.

Jioni, baada ya kufunga lango, nilianza kuivua ile kamba ya ufunguo. Komeo akanishika mkono.

"Kaa nao. Jumatatu nani atafungua?" Akapiga hatua chache, akarudi. "Na mkuu wa shule umpekue. Hata akikuamkia."